Wikendi moja Mombasa hadi Mambrui: Jumamosi magofu, Jumapili miji yenye watu

Dada mmoja wa Bamburi ameniuliza hivi. Wako watano, yeye na mumewe, watoto wawili wa miaka 8 na 12, na mamake mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Wana kigari kidogo tu cha kawaida, wana wikendi moja, Fort Jesus wameshaiona mpaka watoto wameichoka, na sasa wanataka kupita ile miji midogo ya kale ya pwani wenyewe bila kupanda gari la watalii. Waelekee upande gani, waanzie wapi, walale wapi, na je, watoto hawatachoka kuangalia mawe tu?

Dadangu, kazi yangu ndio hio, kutembeza watu kwenye magofu ya pwani yetu, na wengi ninaowatembeza wanatoka bara au ng'ambo, watu wa Mombasa wenyewe ni wachache sana, kwa hivyo swali lako limenifurahisha kwelikweli na ntakujibu kwa urefu.

Nenda kaskazini. Kusini nako kuna mambo, kuna Gazi, kuna Shimoni na Wasini, kuna msikiti wa Kongo pale Diani, lakini hio ni safari nyengine kabisa, ukichanganya pande mbili kwa siku mbili mtamaliza wikendi mkiwa ndani ya gari.

Sasa jambo moja nataka ulishike kabla ya yote, usikimbilie Malindi. Watu wengi wanatoka Mombasa saa nne asubuhi, wanakaa kwenye jam ya Mtwapa, wanafika Malindi jua la utosi, wanapiga picha kwenye mnara wa Vasco da Gama, wanalala, asubuhi wanarudi, na njiani wamepita kando ya miji mitatu minne bila hata kugeuza shingo. Toka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120 tu. Hio si safari ya kuwahi, ni safari ya kusimama simama. Mpango wangu mie ni huu: Jumamosi mnapanda na magofu, Jumapili mnashuka na miji ambayo bado ina watu. Kwa nini hivo? Kwa sababu ukianza na mji uliokufa utaona mifupa ya nyumba, ukuta, kisima, choo, mihrabu, halafu kesho yake ukiingia mji ulio hai utaanza kuona kumbe ni mambo yale yale yako mbele yako, watu bado wanakaa barazani vile vile, msikiti uko pale pale karibu na kisima. Ukigeuza mpango, magofu yatakuwa mawe tu kweli, na hapo ndo watoto wanachoka.

Na huyo mtoto wa miaka 12 mpe kazi. Nunua tepu ya kupimia, ile ya fundi, mwambie apime upana wa vyumba kila mahali mtakaposimama, aandike kwenye daftari. Ntakwambia sababu mbele.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, sio saa moja. Bamburi, Shanzu, mpaka Mtwapa mnapita bila shida saa hizo, na kama kazi ya kuipanua barabara hio bado inaendelea, mchana inakuwa na vumbi na magari ya kujenga kwa hivyo bora muitangulie. Chai kunyweni Mtwapa, mahamri na mbaazi au viazi karai, mkisubiri saa mbili ifike ambapo magofu kwa kawaida yanafunguliwa.

Kituo cha kwanza ni Jumba la Mtwana. Mkivuka daraja la Mtwapa mkaendelea kidogo mtaona kibao, mnakata kulia kuelekea baharini, kilomita chache za barabara ya vumbi. Huu ulikuwa mji wa karne ya 14, ukajengwa, ukastawi, na kama miaka mia baadaye ukaachwa. Ni mdogo, saa moja na nusu inatosha, na ardhi yake ni tambarare kwa hivyo bi mkubwa atatembea polepole bila taabu, kuna mibuyu na vivuli vya kutosha. Watu wanauliza kwa nini mji ulijengwa pale na hakuna bandari ya maana. Ndio maana yenyewe! Maji ya kunywa yalikuwepo, upepo wa kusi na kaskazi wote wanaupata, na adui wa baharini hana pa kutia nanga kirahisi, vyombo vikubwa vilibaki kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa au Mombasa.

Nendeni moja kwa moja kwenye msikiti wa pwani, ule ulio karibu na maji kabisa. Kabla hujaingia, angalia chini pale kwenye birika la udhu. Kuna matumbawe yamepachikwa sakafuni, yana uso wa kukwaruza, hayo ni ya kusugulia miguu mtu atoe mchanga kabla ya kusali. Waonyeshe watoto. Mtu wa miaka mia sita na zaidi iliyopita alitoka ufukweni, miguu ina mchanga kama yako, akasimama hapo akasugua. Mie sijaona mtoto ambaye hapo hakuinama kugusa. Upande wa kibla, nje, kuna kaburi limechongwa aya ya Qur'ani, ile ya kila nafsi itaonja mauti, na bi mkubwa nadhani atataka kukaa hapo kidogo asome dua, msimharakishe.

Sasa kazi ya tepu inaanza hapa. Vyumba vya nyumba za Jumba utaona ni virefu lakini vyembamba, vyote vina upana unaokaribiana, mita 2 na nusu hivi, mara nyengine chini kidogo mara nyengine juu kidogo. Sababu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe ya Kiswahili inabebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mnyoofu mrefu zaidi ya hapo wenye nguvu ya kubeba dari zito la mawe na chokaa. Kwa hivyo tajiri alikuwa na uwezo wa kurefusha chumba atakavyo, lakini kukipanua hawezi, mkoko umemwekea mpaka. Ukishalijua hilo, kila gofu utakaloingia baada ya hapo unalisoma mwenyewe bila mtu kukwambia. Na kuta pia ziangalie kwa karibu, kuna mawe ya aina mbili. Yale magumu ya kuta ni mawe ya nchi kavu, lakini ya kwenye mlango na kwenye mihrabu, yale yaliyochongwa laini yenye mistari, ni matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, fundi anayachonga yakiwa bado laini, yakikauka yanakuwa magumu. Sogea kabisa utaona vijitundu vidogo vidogo vya tumbawe lenyewe.

Mkitoka hapo rudini barabarani, mnapita Vipingo na mashamba ya mkonge, msisimame. Kabla ya Kilifi kuna kibao cha Takaungu kulia. Kipiteni! Hicho ni cha kesho.

Mnarani ni kabla ya daraja la Kilifi, upande wa kusini, magofu yako juu ya mwamba yanatazama mkono wa bahari. Hapa nitasema ukweli kuhusu magoti, ile njia ya ngazi inayopanda toka upande ilipokuwa feri ni ndefu, bi mkubwa asiijaribu. Mmoja wenu, wewe au mumeo, abaki naye chini wanywe madafu, mwengine apande na watoto, halafu mbadilishane kama mnataka. Mji huu ulikuwepo toka karne ya 14 mpaka mwanzo wa karne ya 17, wakati mashambulizi ya Waoromo yalipoumaliza. Kinachonivuta mie Mnarani ni maandishi. Mihrabu ya msikiti mkuu imezungukwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe, mengi na ya kazi ya mkono wa hali ya juu, mengine ni magumu kusomeka hata kwa wanaojua, na kando yake kuna kaburi la mnara, nguzo ndefu ya mawe juu ya kaburi, kitu ambacho utakiona tena Gede na Malindi na Mambrui kwa hivyo mwambie mdogo wa miaka 8 kazi yake ni kuhesabu hizo nguzo safari nzima. Mkiwa juu tazameni daraja. Lilifunguliwa 1991, kabla ya hapo ilikuwa feri, na bi mkubwa bila shaka anaikumbuka, muulizeni awahadithie watoto foleni ya feri ya Kilifi ilivyokuwa.

Kilifi nunueni korosho, wauzaji watawajia dirishani. Chakula cha mchana mnaweza kula hapo au mbebe. Mie ningebeba.

Toka Kilifi kwenda mbele, kushoto kwenu ni msitu wa Arabuko Sokoke, kilomita za mraba kama 420, ndio kipande kikubwa kilichobaki cha msitu wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki wa aina yake, una ndovu ndani yake ingawa kutoka barabarani huwezi kujua. Usiingie leo. Ila ujue kuwa Gede na msitu huo ni ndugu.

Gede mtafika adhuhuri na hio ndio saa yake, watu wanaogopa magofu saa sita mchana lakini Gede iko ndani ya miti, miti mikubwa mizizi yake imeshika kuta kama vidole, kuna ubaridi hata jua likiwaka. Hapa kaeni saa mbili na zaidi. Chukueni mwongozaji wa pale pale getini, msiende peke yenu, hili nakusisitiza manake mji ni mkubwa na bila mtu wa kuuelezea utazunguka tu. Julai 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hivyo sasa uko daraja moja na Fort Jesus yenu, ambayo iliingia 2011.

Ajabu ya Gede ni hii. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, kilomita kama 16 tu kutoka hapo, wakaandika kila kitu, bei za vitu, majina ya wafalme, ugomvi, lakini mji huu mzima wenye kasri na misikiti na ukuta wa kuuzunguka hawakuutaja. Umelala msituni mpaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipoutembelea, mwaka 1927 ukawekwa chini ya ulinzi kama mahali pa kihistoria, na 1948 James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, akaanza kuuchimba, akaendelea miaka kumi. Nyumba nyingi alizipa majina kulingana na kilichookotwa ndani, kwa hivyo kuna Nyumba ya Mkasi, kuna Nyumba ya Sanduku la Pembe, kuna nyumba ya sarafu za Kichina, ya ushanga wa Venice. Wacha watoto wachague nyumba wanayoitaka waifuate. Halafu waonyeshe stoo. Kwenye baadhi ya nyumba kuna chumba cha ndani kabisa hakina mlango wa kuingilia, hakina hata dirisha la maana, unaingia kwa tundu la juu ukutani kwa ngazi. Hapo mali iliwekwa. Mtoto wa miaka 12 mwachie apime, na amuulize mwongozaji kwa nini mwizi angepata taabu.

Vyoo pia viangalieni, sioni haya kusema, watu wa karne ya 15 walikuwa na vyoo vya ndani vyenye shimo na mahali pa kutawadhia, Ulaya nyingi wakati ule hawakuwa na kitu kama hicho. Na msikiti mkuu, mlango wa upande wa mashariki juu yake kumechongwa mkuki, alama ya mamlaka kwetu, mkuki ndani ya msikiti wa matumbawe, hapo unaona kwa macho yako kuwa waliojenga si wageni waliokuja na kila kitu chao kwenye jahazi, ni watu wa hapa hapa Waislamu wenye mila zao. Mie nikimpeleka mtu Gede na akaondoka na kitu kimoja tu, ningependa kiwe huo mkuki.

Kuna kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399. Soma mwaka kwa sauti watoto wasikie. Kisha nendeni kwenye kisima kirefu karibu na msikiti mchungulie. Watu wanatoa sababu nyingi za mji kuachwa, Wazimba, wapiganaji toka kusini, walioipiga pwani 1589, Waoromo, na Wareno kuharibu biashara, zote zina uzito, lakini wenye kuchimba waliona pia visima viliongezwa kina, maana yake maji yalikuwa yanashuka, na mie nikisimama pale naamini maji ndio yalivunja moyo wa watu kabla ya maadui kumaliza. Mji unaweza kujengwa upya baada ya vita. Kisima kikikauka unahama.

Kima wa Gede wamezoea watu, chakula fungieni kwenye gari na msiwape hata ndizi moja. Ukitoka, pale pale getini kuna mradi wa Kipepeo, ulianza 1993, wakulima wa kando ya msitu wanafuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado pupa, ndani ya ganda, kwa hivyo msitu ukisimama na wao wanapata riziki. Dakika ishirini, huyo wa miaka 8 atafurahi.

Watamu pitieni mbali, ufuo ni mzuri lakini wikendi hii si ya kuogelea. Saa kumi muwe Malindi.

Mnara wa Vasco da Gama hauna kivuli hata kidogo ndio maana nawapeleka jioni. Ule msalaba wa jiwe ndio wa Wareno, ulitoka kwao, lakini ile nguzo nyeupe inayoubeba ilijengwa 1873 na mabaharia wa meli ya Waingereza. Hapo wahadithie watoto habari ya Mombasa na Malindi manake inawahusu. Aprili 1498 da Gama alifika Mombasa kwanza, hawakuelewana, akaondoka akaja Malindi. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, na sio kwa sababu Malindi walikuwa wapole na sisi wakali, ni kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa biashara na Malindi ilitafuta rafiki mwenye mizinga. Akapewa mwanamaji wa kumvusha, wakaondoka tarehe 24 Aprili kusi ikianza, Mei 20 wakawa Calicut, India. Watu husema mwanamaji huyo ni Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi hawakubali, inaonekana zaidi alikuwa mtu wa Gujarat. Na mwisho wa hadithi ni kuwa miaka ya 1590 Wareno walipoichukua Mombasa, mfalme wa Malindi ndiye waliyemleta kutawala kisiwa chetu, na Fort Jesus ikaanza kujengwa 1593. Kwa hivyo ule ukuta ambao watoto wako wanaujua umeanzia kwenye huo urafiki wa Malindi.

Lakini wacha nikwambie ninavyoona mie, mnara huo dakika kumi na tano zinatosha. Jioni yenu itumieni mji wa kale, mbele ya msikiti wa Juma karibu na bahari, kuna kaburi la mnara la zamani sana limesimama pale pale watu wanapita na mikokoteni. Hicho ndicho kitu cha Malindi. Mji uliopeleka twiga China! Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme Yongle na twiga, twiga mzima kwenye chombo cha bahari, na Wachina wakamwona ni mnyama wa baraka. Kuna pia kile kikanisa kidogo cha Wareno cha karne ya 16, paa la makuti, ambapo Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alipita 1542, na kwenye bustani kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama kuwakatalia Waingereza 1913 na 1914. Huyo msimpite, na mtoto wa kike kama yuko asimame karibu naye apigwe picha.

Laleni Malindi, mtaa wa Shela au karibu yake ili mtembee kwa miguu usiku. Ulizeni chumba cha chini kwa ajili ya bi mkubwa, neti na feni, na mahali pa kuegesha gari ndani. Mishikaki na mkate wa mofa, bajia, halafu watoto wapewe aiskrimu ya Kitaliano, Malindi imejaa Wataliano na aiskrimu yao ni ya kweli.

Jumapili amkeni mapema mwende Mambrui, kama kilomita 15 kaskazini. Mtavuka mto Sabaki, angalieni rangi ya maji, mekundu kama udongo wa bara, manake ni ule ule mto Athi unaotoka huko juu karibu na Nairobi, na udongo huo unaoumwaga ndio umefanya ufuo wa Malindi kuongezeka miaka yote hii. Mambrui ni mji mdogo wa Kiislamu, mtulivu, wenye dini. Vaeni vizuri, leso iwe tayari, na msipige picha za watu bila kuomba. Muulize mzee yeyote kaburi lenye bakuli za Kichina, watawapeleka. Bakuli hizo zilipachikwa kwenye mnara wa kaburi kama pambo. Na mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na China walipata hapo Mambrui sarafu ya enzi ya yule yule Yongle wa twiga. Mtoto aliyesikia hadithi ya twiga jana jioni, leo asubuhi anasimama mahali sarafu ilipotoka.

Marafa na yale makorongo mekundu watu watawaambia mwende. Pazuri, lakini si mji, kuna joto na kunakula nusu siku. Wakati mwengine.

Saa nne muwe mmeanza kushuka, moja kwa moja mpaka Takaungu, iko kama kilomita 10 baada ya Kilifi, mnakata kushoto. Chakula chukueni Malindi au Kilifi, Takaungu msitegemee hoteli.

Na hapa ndo ninapotaka mkae, hata mkikosa kwengine kote. Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipoitwaa Mombasa 1837 kutoka kwa ukoo wa Mazrui uliokuwa ukiitawala, Mazrui walionusurika walitawanyika, wengine wakaenda Gazi, wengine wakaja kujenga hapa Takaungu. Mtama na mahindi ya Takaungu yalisafirishwa mpaka Arabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, Takaungu na Malindi pia baada ya Sultani Majid wa Zanzibar kuifufua 1861, na hili watoto waambiwe wazi bila kufichwa, kwamba mlango mzuri wa kuchongwa na ukuta wa mawe ulilipwa na jasho la mtu asiyelipwa, na kwamba utumwa pwani hii uliondolewa kisheria 1907 tu, juzi juzi, bibi wa bibi yao alikuwa hai. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki, Kampuni ya Waingereza ikamkalisha wanayemtaka wao, Rashid bin Salim, ndugu zake wengine wakakataa, vita vikaanza hapa vikasambaa pwani, Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia, na vilikwisha 1896 Mbaruk alipokimbilia upande wa Wajerumani. Yote hayo yametoka kwenye kijiji ambacho leo utakimaliza kwa miguu kabla kahawa haijapoa.

Tembeeni polepole vichochoroni. Mtaona nyumba iliyopigwa chokaa juzi na jirani yake imebomoka nusu, na kwenye ile iliyobomoka ndo muangalie, ukuta umekatika unaona mawe yalivyopangwa ndani, ncha za boriti bado zimetokeza zimeoza, vidaka viko wazi vinanyeshewa. Mtoto atoe tepu apime. Namba atakayoipata ailinganishe na ya Jumba. Zinakaribiana, na kati yake kuna kama miaka mia tano. Bi mkubwa mkalisheni barazani kwa kina mama wa pale, salamu yake tu itafungua milango ambayo mie na vitabu vyangu siifungui. Nyinyi teremkeni kwenye mkono wa bahari, kuna mashua ya kuvusha watu ng'ambo, mpeni mvushaji haki yake watoto wavuke na kurudi. Wakati wa adhuhuri msikiti unajaa, kama mzee wa nyumba ni wa kusali atasali pale na atapata marafiki.

Saa tisa muondoke. Barabara kati ya Kilifi na Mtwapa usiku si ya mchezo, malori, baiskeli bila taa, watu wanavuka ghafla, na Mtwapa Jumapili jioni inajaa wanaotoka pwani, ukipita kabla ya saa kumi na moja umepona.

Mengine madogo. Bebeni vitambulisho manake kiingilio cha Mkenya ni nafuu kuliko cha mgeni, na simu ziwe na M-Pesa, lakini noti ndogo ndogo pia za mvushaji na madafu. Spea na jeki zikaguliwe Ijumaa, njia za Jumba na Takaungu si za lami safi. Masika toka Aprili mpaka Juni mie nisingewapeleka na gari la chini, tope la njia hizo linashika. Ramadhani mnaweza kwenda ila mchana mtakula ndani ya gari kwa heshima, na usiku wa Malindi utakuwa mtamu zaidi.

Rabai nayo nimeikumbuka. Iko nyuma ya Mombasa, si njia hii, wamisionari wawili, Krapf alifika Mombasa 1844 na Rebmann 1846, wakaanzisha misheni pale, kuna makumbusho kanisani na karibu kuna kaya ya Warabai, yaani makao yao ya kale ndani ya msitu mtakatifu. Hio fanyeni nusu siku Jumamosi nyengine mrudi kula nyumbani. Na kwa waongozaji, bei mpatane kabla ya kuanza kutembea, kila mahali, na mkiridhika muongeze kidogo manake wengi wao malipo yao ni hayo tu.